Kabla hujampakata mtoto, lijue gari

Msimu wa korosho ukishakolea, malipo ya minada ya TANECU na MAMCU yakianza kuwafikia wakulima, Masasi na Newala huanza kuona magari mapya. Mapya kwa maana ya huku: IST iliyovushwa bahari kutoka Japani, Noah iliyonunuliwa Dar es Salaam ikapita Daraja la Mkapa alfajiri, Probox ya kupelekea bidhaa dukani. Swali la kwanza la jirani linajulikana. "Namba gani?" Ukijibu namba E, pongezi zinafuata. Ukijibu namba C, utaulizwa umeuziwa bei gani, na kwa sauti ya pole.

Mzazi ajue jambo moja hapo. Herufi ile inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haielezi lilitengenezwa lini. IST za kwanza zilitoka kiwandani mwaka 2002 na toleo hilo likakoma mwaka 2007. Kwa hiyo IST ya toleo hilo iliyopewa namba E ni gari la karibu miaka 20 lililopata cheti kipya cha kuzaliwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania haina zuio la namna hiyo, ina ushuru wa uchakavu: mnunuzi analipa zaidi, gari linaingia.

Hakuna ubaya kununua gari la zamani, ndilo mifuko mingi inaloliweza. Ila kwa familia, mwaka wa gari ni habari ya afya kama ilivyo tarehe kwenye chupa ya dawa. Unakueleza mna nini ndani ya gari cha kumkinga mtoto siku litakapogonga. Na vitu vingi vya kinga vilibuniwa kwanza kwa kipimo cha mwili wa mtu mzima. Mtoto alikuja kufikiriwa baadaye, na mara nyingine baada ya watoto kuumia.

Ajabu ni kwamba safari ndefu ya kwanza ya gari duniani ilikuwa ya mama na watoto. Karl Benz alipata hataza ya gari lake huko Ujerumani mwezi Januari 1886, chombo cha magurudumu matatu ambacho mtoto wa leo angekiita bajaji. Agosti 1888 mkewe, Bertha, aliwachukua wanawe Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, akaondoka nalo kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, bila kumuaga mumewe. Mafuta yalipopungua aliyanunua duka la dawa katika mji wa Wiesloch, kwa kuwa wakati huo yaliuzwa kama dawa ya kutolea madoa kwenye nguo. Kwenye vilima watoto walisukuma. Kwenye miteremko breki za mbao zikalika, Bertha akamwendea fundi viatu apigilie vipande vya ngozi juu yake. Dereva yeyote anayeshuka kutoka uwanda wa juu wa Makonde na mzigo kamili ataielewa ngozi ile bila kusimuliwa zaidi.

Gari lile halikuwa na paa, kioo wala mkanda. Halikuhitaji sana, kwani mwendo wake ulikuwa wa baiskeli.

Huku kwetu gari lilichelewa. Karl Weule, mtafiti kutoka Leipzig aliyekuja kuandika maisha ya watu wa kusini mwaka 1906, alifika Masasi na Newala akitokea Lindi na msafara wa wapagazi. Daktari Leader Stirling alianza kazi katika hospitali ya misheni ya Lulindi, wilayani Masasi, mwaka 1935. Huyu ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kati ya mwaka 1975 na 1980. Zama zile mgonjwa wa mbali alifika hospitali kwa machela, mabegani mwa ndugu zake.

Kisha ikaja Land Rover. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, na bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu Uingereza baada ya vita ilikuwa na mgawo wa chuma. Chini ilikuwa na chesisi nzito na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kama kurasa. Ndani dashibodi ya bati, na nyuma mabenchi mawili yaliyotazamana. Gari hilo lilibeba kila mtu: padri, bwana shamba, mkuu wa wilaya, mzazi aliyeshikwa na uchungu usiku. Dar es Salaam magari ya abiria yenye mabenchi ya namna hiyo yalikuja kuitwa chai maharage, watu wakitazamana kama waliokaa mezani.

Hapo ndipo lilipoota wazo ambalo halijafa hadi leo, kwamba gari salama ni gari gumu. Keti kijiweni na wazee utasikia: Land Rover 109 iligonga mwembe, mwembe ukatikisika, gari likaendelea na safari. IST ikigongana na mbuzi bampa linabaki barabarani. "Siku hizi wanatengeneza makopo."

Ukweli umekaa upande mwingine. Gari linapogonga, mwendo wote liliokuwa nao lazima uishie mahali. Bodi lisipokunjika, mshtuko unapita moja kwa moja hadi kwa waliomo ndani, nao ndio wanaokunjika. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz alilitambua hilo, na mwaka 1951 aliomba hataza ya gari lenye chumba kigumu katikati na pua na mkia vinavyokubali kubonyea. Mwaka 1959 magari ya kwanza yaliyojengwa hivyo yalianza kuuzwa. Boneti linalojikunja kama karatasi linakununulia sehemu ndogo sana ya sekunde ya kupunguza mwendo, na ndani ya sehemu hiyo kuna mbavu zinazopona na ubongo usiotikiswa hadi kuvuja damu. Basi ukiona IST imekunjika pua yote na waliomo wametoka wakitembea, usiiite kopo. Imefanya kazi yake.

Usukani nao una historia yake. Katika magari ya zamani mhimili wa usukani ulikuwa fimbo moja ya chuma iliyoelekea kifuani mwa dereva. Ilihitajika kelele kubwa Marekani, iliyochochewa na kitabu cha mwanasheria Ralph Nader cha mwaka 1965, ndipo mwishoni mwa muongo huo mhimili unaojikunja ukawa lazima.

Kitu kilichookoa watu wengi kuliko vyote lakini ni utepe tu. Mwaka 1959 mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin wa Sweden, alitengeneza mkanda wa pointi tatu: mmoja unapita kiunoni, mwingine unashuka begani, vyote vinafungwa kwa mkono mmoja. Volvo iliacha kampuni nyingine ziutumie bila malipo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa wanaokaa mbele hadi nusu. Hakuna dawa nyingi za nguvu hiyo ambazo hazimezwi.

Namna unavyofanya kazi inafaa kueleweka, kwa sababu ndipo kosa kubwa la wazazi lilipo. Mkanda haukamati mwili popote tu. Unakamata mifupa migumu: nyonga chini, bega na kifua juu. Mama mjamzito apitishe kipande cha chini chini ya tumbo, juu ya mapaja, na cha juu kipite kati ya matiti na kando ya tumbo. Kamwe kisilale juu ya tumbo. Mtoto wa miaka mitano ana nyonga ndogo na bega fupi, hivyo mkanda wa mtu mzima unampita tumboni na shingoni, palipo laini. Ndiyo maana nchi nyingi hutaka mtoto akae kwenye kiti chake au kwenye kinyanyua hadi afike kimo cha kati ya mita 1.35 na mita 1.5.

Sasa njoo stendi ya Masasi, Noah ya Newala inajaza. Mama ana mtoto wa mwaka mmoja na mwingine wa miaka minne. Konda anamwambia apakate. Mtoto anayepakatwa halipi nauli, mtoto aliyekaa siti ni nauli nzima, na mama anayekwenda kliniki kwa hela ya kuhesabu hana mjadala mrefu. Kupakata ni upendo pia. Tumelelewa kwenye mapaja, na mikono ya mama ndiyo ngome ya kwanza anayoijua mtoto.

Ila hesabu ya gari haijui upendo. Chukua mtoto wa kilo 10, gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, likasimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kugonga. Kwa muda huo mtoto anavuta kwenda mbele kwa nguvu ya takriban kilo 140. Ni karibu mifuko mitatu ya saruji. Hakuna mama, hata mwenye mikono ya kutwanga, anayeshika mifuko mitatu ya saruji inayorushwa ghafla. Kama mama mwenyewe hajafunga mkanda, ni vibaya zaidi: mtoto anakuwa mto kati ya kifua cha mama na siti ya mbele. Na wale wanaojifunga mkanda mmoja wakamzungushia na mtoto, kwa nia njema kabisa, wanatengeneza mtego uleule, kwa kuwa uzito wa mama ndio utakaombana mtoto kwenye utepe.

Suluhisho kwa mtoto mchanga lilitoka, kwa namna fulani, angani. Miaka ya 1960 Bertil Aldman, profesa wa Sweden, aliwaona kwenye televisheni wanaanga wa Marekani wamelala chali katika chombo chao ili nguvu ya kurushwa isambae mgongo mzima. Akafikiria mtoto. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo bado ni laini. Akitazama mbele wakati wa kugonga, kichwa kinavuta shingo. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti unapokea kila kitu kwa pamoja. Mwaka 1964 kiti cha kwanza cha namna hiyo kilijaribiwa. Leo WHO inakadiria kwamba viti vya watoto hupunguza vifo kwa asilimia 60 hivi, na wanaofaidika zaidi ni wachanga.

Viti hivyo vinauzwa Dar es Salaam, vipya na vya mtumba. Cha mtumba kikague nyufa kwenye plastiki, uhakikishe mikanda yake haijachanika na muuzaji anajua kilikotoka, kwa sababu kiti kilichowahi kuwa ndani ya ajali kimeshamaliza kazi. Kwa familia yenye gari lake, hela ya kiti ingetangulia hela ya redio kubwa na rimu za kung'aa. Wengi hufanya kinyume, na hakuna anayewasema.

Sheria haijasaidia sana kuwasema. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka 1973, na mkanda inaoutaka ni wa dereva na abiria wa mbele. Kwa miaka mingi watetezi wa usalama barabarani wamelalamika kwamba sheria hiyo iko kimya kuhusu kiti cha mtoto. Trafiki atakusimamisha kwa mkanda wako wa mbele, huku watoto watatu nyuma wamesimama wakipunga mkono dirishani.

Turudi kwenye IST ya namba E. Ukishusha kile kibao cha kuzuia jua mbele ya abiria, utakuta karatasi yenye mchoro wa kiti cha mtoto kilichopigwa mstari mwekundu, na maandishi ya Kijapani. Wengi huibandua kwa kuwa inaharibu urembo. Huenda hiyo ndiyo karatasi muhimu kuliko zote ndani ya gari.

Inahusu eabegi, ule mfuko wa hewa. Mercedes-Benz ilianza kuuweka kwa dereva mwaka 1981, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ulishaenea hata kwenye magari madogo, upande wa abiria pia. Mfuko huo hufumuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa, ili uwahi kifua cha mtu mzima aliyefunga mkanda. Mtoto aliyepakatwa siti ya mbele kichwa chake kiko palepale unapofumukia. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kikiwekwa mbele, mfuko unakipiga mgongoni. Marekani ilijifunza kwa gharama: kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya watoto 100 walikuwa wameuawa na mifuko iliyofumuka katika ajali ambazo nyingine zilikuwa ndogo tu. Hapo ndipo wahandisi walipopunguza nguvu ya mifuko na wazazi wakaambiwa watoto wakae nyuma. Kwa hiyo ile heshima tunayompa mtoto mpendwa, ya kukaa mbele na baba, kwenye gari lenye herufi za SRS kwenye dashibodi ni hatari kuliko alivyokuwa mtoto wa 1960 kwenye Land Rover isiyo na kitu.

Kuna jingine kuhusu mifuko hii, na linatuhusu sisi wa joto na unyevu. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vifumuzi vya mifuko kwa kutumia kemikali ambayo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika. Siku ya kufumuka, kasha lake la chuma linaweza kupasuka na kurusha vipande kama risasi. Zaidi ya watu 20 wamekufa duniani, vifumuzi karibu milioni 100 vikaitwa virudi kubadilishwa, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Magari yaliyoguswa ni pamoja na ya Toyota, Nissan, Honda na Mazda ya miaka ileile ambayo bandari ya Dar es Salaam huipokea kwa wingi. Gari linaweza kuwa lilibadilishwa Japani kabla ya kuuzwa, au likaponyoka. Watengenezaji wana kurasa mtandaoni ambako unaandika namba ya chesisi na kupata jibu. Nyingine ni za Kijapani, lakini wakala wa kampuni anaweza kukusomea. Ni kazi ya dakika 10, na haina malipo.

Wenye magari haya wanaijua ile sauti ya dada wa Kijapani anayesalimia kila ukiwasha. Watoto humuiga vizuri sana. Shida ni pale gari linapokuwa linakuonya kweli. Taa nyekundu yenye mtu na duara mbele yake ikibaki inawaka kwenye dashibodi, maana yake mfumo wa mfuko wa hewa una hitilafu na huenda usifumuke kabisa. Wapo mafundi ambao tiba yao ni kuing'oa ile taa.

Na wapo wanaoshona makava ya siti yanayofunika kila kitu. Kava zuri la kitambaa kizito, lakini pingili za mikanda ya nyuma zimezama chini yake na hazijaonekana tangu gari linunuliwe. Kwenye magari yenye mifuko ya hewa ubavuni mwa siti, kava lisilotengenezewa gari hilo linaweza pia kuuzuia kutoka. Noah nyingi za abiria zilikuja na mikanda kila siti. Muulize konda iko wapi, atacheka kwanza.

Breki zimepiga hatua tangu ngozi ya Bertha Benz. Mwaka 1978 Mercedes-Benz na Bosch walileta ABS, inayozuia matairi kujifunga ukikanyaga kwa nguvu, ili dereva aendelee kukata kona. Mwaka 1995 ukaja mfumo unaozuia gari lisiserereke pembeni. Kwenye kokoto na mchanga ABS hairefuki mkono kama kwenye lami, na wakati mwingine gari huchelewa zaidi kusimama. Kwa mteremko wa kutoka Newala, ushauri wa madereva wa zamani bado ndio wenye akili: shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Gari la otomatiki nalo lina gia za chini, zimeandikwa 2 na L au B, na wenye magari wengi hawajawahi kuzigusa. Breki zinazokanyagwa mteremko mzima huchemka, na zikichemka kanyagio linazama bila kitu.

Si kila kinachomkinga mtoto kiko ndani ya gari. Kuanzia mwaka 1923 Marekani ilitia madini ya risasi kwenye petroli ili injini isigonge, na dunia ikafuata. Risasi hiyo ilitoka na moshi, ikatua kwenye vumbi, na watoto wanaocheza chini ndio walioila zaidi. Huathiri ubongo unaokua, hushusha uwezo wa kujifunza, na WHO inasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Hivyo mtoto aliyezaliwa Newala leo anavuta hewa ambayo, kwa hili moja, ni safi kuliko aliyovuta mama yake.

Kuondoka kwa risasi kuliruhusu kifaa kingine kufanya kazi, ambacho risasi ilikuwa ikikiua. Mafundi wetu wanakiita masega, kwa vile vitundu vyake ndani ya ekzosi vinavyofanana na masega ya nyuki. Kilienea Marekani kwenye magari ya mwaka 1975, na kazi yake ni kupunguza gesi zenye sumu, ikiwamo kaboni monoksaidi. Ndani yake mna platinamu na madini mengine ya thamani, ndiyo sababu kuna watu wanapita wakiyanunua na kuwaambia wenye magari kwamba yanapunguza nguvu ya injini. Ukiyauza unapata hela ya siku moja, na moshi unabaki kwa wanao. Ekzosi ikitoboka chini ya gari, gesi hiyo isiyo na harufu inaweza kuingia ndani. Watoto wote wakisinzia na kulalamika kichwa kila safari, fungua madirisha, simama, na usidhani ni uchovu tu.

Haya yote yana uzito zaidi sasa kwa sababu barabara inabadilika. Kazi ya kuweka lami kati ya Mnivata, Tandahimba, Newala na Masasi, kilomita 160, itafuta kero ya miaka mingi ya vumbi, matope na wagonjwa waliochelewa kufika Ndanda au Mkomaindo. Lakini mashimo yalikuwa breki pia. Gari lililokuwa likitambaa kwa kilomita 40 litakwenda 80 au 100, na nguvu ya kugonga haipandi kwa hatua sawa na mwendo. Kugonga kitu kisichosogea kwa kilomita 50 kwa saa ni kama kuanguka kutoka mita 10, kimo cha mnazi wa wastani. Kwa kilomita 80 ni mita 25. Kwa 100 ni mita 39. WHO inasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, na mwaka 2021 ziliua watu takriban milioni 1.19 duniani. Waliozoea kuogopa malaria pekee waongeze hapo.

Kwa asiye na gari, na hao ndio wengi, yapo yanayowezekana. Kwenye Noah au Hiace chagua siti za katikati badala ya mbele kabisa. Mama afunge mkanda wake kwanza kama upo, mtoto mchanga awe nje ya mkanda, mikononi. Hiyo haimfanyi awe salama, ila inamwondolea hatari ya kubanwa na mwili wa mama. Mtoto anayeweza kukaa mwenyewe, mlipie siti pale hela inaporuhusu, na kama mkanda unampita shingoni mketishe kwenye kitu imara kitakachomwinua, usiupitishe chini ya kwapa. Mabasi mengi ya sasa ya kwenda Dar es Salaam yana mikanda kila siti, tena mingi haijawahi kufungwa. Kwenye bodaboda hakuna uhandisi wa kuzungumzia zaidi ya kofia ngumu, na mshikaki wa dereva, mtoto katikati na mama nyuma hauna kofia ya saizi ya yule wa katikati. Kama kuna namna ya kungoja gari, ngoja.

Kwa mwenye gari, jioni moja inatosha. Toa kadi ya gari usome mwaka wa kutengenezwa, achana na herufi ya kibao. Washa gari utazame kama taa ya mfuko wa hewa inawaka kisha kuzimika. Isiyowaka kabisa inatia shaka kama ile isiyozimika. Inua makava ya nyuma uzitoe pingili. Tafuta kitufe kidogo kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, ile loki ya mtoto inayozuia mlango usifunguke kwa ndani, uisogeze. Halafu vuta kila mkanda hadi mwisho. Karibu na chini, kwenye mikanda mingi, kuna kitambaa kidogo chenye tarehe uliyotengenezwa, na hiyo hukuambia umri wa gari kuliko muuzaji. Angalia kama umefumuka nyuzi au umepauka kwa jua. Uachie urudi, kisha uvute kwa ghafla, kama unavyomvuta mtoto aliyetaka kukimbilia barabarani. Ukigoma, ni mzima. Ukifuata mkono, mpeleke fundi kesho asubuhi, kabla ya safari ya Newala.